Nilipasha Maiti Moto, Jirani Akafungwa

Kosa ni langu. Naanza hapo, nisije nikazunguka kama nilivyozoea.

Mtu mmoja wa mtaa wetu wa Kadutu amevunja mawe na wafungwa kwa ajili ya mauaji ambayo hakuyafanya. Wala hakuna aliyeyafanya, maana hakuna aliyeuawa! Mimi nilijua. Nilijua kuliko wote, tangu asubuhi ya kwanza, na nikanyamaza. Na siku nilipofungua kinywa, nilikifungua ili nimzamishe zaidi.

Sitaji jina langu. Wa Bukavu watanitambua, na hilo nalo ni sehemu ya adhabu yangu.

Nilikuwa infirmier, muuguzi wa hospitali. Nilivaa koti jeupe lenye kola ngumu, na nilikuwa mkono wa kulia wa docteur mmoja Mbelgiji. Nilimshikia vyombo, nilimwandalia sindano, na zaidi ya yote nilimtafsiria, kwa sababu Kiswahili chake kiliishia kwenye "fungua mudomo" na "lala chini". Mtu akifa kifo cha mashaka, Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, humwita docteur, na mimi hufuata nyuma na mkoba.

Ni yeye aliyenifundisha kusoma wafu. Mwili, aliniambia, ni kama birika lililoondolewa motoni: hupoa polepole, na ukijua ulivyopoa unaweza kurudi nyuma mpaka saa roho ilipotoka. Ugumu huanzia tayani, ukashuka shingoni, mikononi, mpaka miguuni. Na damu, moyo ukisimama, hutua chini kama tope ndani ya glasi ya maji, ikaacha madoa ya zambarau upande ule mtu aliolalia.

"Maiti haisemi uongo," docteur alipenda kusema. "Wanaosema uongo ni wale waliosimama."

Ningejua siku ile alikuwa anatabiri habari zangu!

Wakati huo nilikuwa ninangoja carte, ile karatasi ya kusema kwamba wewe ni évolué, mtu aliyestaarabika. Kamati ilikuwa ije nyumbani kwangu kutazama ninavyoishi, na docteur mwenyewe alikuwa mmoja wa kamati. Nilinunua uma. Nilinunua kitambaa cha meza. Nilijizoeza kula bugali kwa uma mpaka mke wangu akawa anatoka nje kwenda kucheka.

Hapo ndipo baba mkwe wangu, mzee Birindwa, alipofariki.

Alikufa alfajiri, usingizini, kwa uzee na kifua kilichochoka. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya yangu. Mke wangu, M'Birindwa, ndiye aliyemkuta alipompelekea uji. Alirudi na uji wake, akauweka mezani, akaniambia kwa sauti ya kila siku:

"Baba anasikia baridi."

Nikaelewa. Katika ukoo wao hakuna anayeruhusiwa kusema kwamba mwenye nyumba amefariki kabla dada yake mkubwa hajafika, akamtazama usoni, akalia wa kwanza. Kilio ni mali ya huyo dada. Ukilia kabla yake, umemwibia. Mpaka afike, mzee bado ni mzee: anakalishwa kwenye kiti chake, anavalishwa kofia yake, wageni wanamsalimu, na wakitoka wanasema amewajibu vizuri. Mgeni akija na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, anamtia tone mdomoni, maana si adabu kunywa mbele ya mwenyeji mwenye kinywa kikavu. Na kwa kuwa anasikia baridi, anawashiwa moto. Moto huo ni kazi ya mkwe.

Mkwe ni mimi.

Jamani, niliuwasha! Nilileta jiko la makaa, nikachoma matofali mpaka yakatoa rangi, nikayafunga magunia, nikayapanga chini ya miguu yake, mgongoni, ubavuni. Yakipoa ninabadilisha. Jamaa wakanisifu: "Huyu ndiye mukwe! Hata mutoto wa kuzaa hafanye vile!" Moshi ulijaa nyumba nzima, tukakohoa wote, macho yakatuwasha. Nilimwona mke wangu akisogea kwenye jiko, akainama juu ya moshi ule, akakaa pale muda mrefu sana. Machozi ya moshi hayakukatazwa.

Dada wa mzee, shangazi mkubwa, alikaa Mudaka. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, na alikwisha kuapa kwamba hatapanda lori tena maisha yake, kwa kuwa lori la mwisho lilimtapisha mbele ya padri. Tulituma mtu akamwite. Tukangoja. Mimi nikachochea.

Kufika mchana akaja jirani yetu, Papa Cishugi, fundi viatu wa sokoni Nyawera. Yeye na mzee waligombana miaka yote kwa ajili ya mti mmoja wa avoka. Mti ulikuwa wa mzee, lakini matawi yake yalilala juu ya bati la Papa Cishugi, na kila avoka iliyoanguka, pah!, mtaa mzima ulisikia Papa Cishugi akipaza sauti: "Birindwa! Iko siku nitakuua, we na avoka yako!" Na mzee akijibu kutoka ndani: "Uniue kisha ya mavuno!"

Siku ile alikuja na chupa ya kasiksi. Akaomba aachwe peke yake na mwenzake. Nilikuwa nje nachoma matofali, nikamsikia kupitia dirishani.

"Ee, muzee. Leo zimeanguka mbili ku bati yangu. Sikusema kitu." Akafungua chupa. "Umeona? Sikusema ata kitu."

Akamtia tone mdomoni, kisha mwenyewe akanywa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Amenijibu muzuri," akasema, akaenda zake.

Hajafika hata kwenye ua wake, akaingia Mzungu wa hygiène.

Huyo alikuwa akizunguka Kadutu kukagua nyumba na kupulizia dawa ya mbu. Aliingia bila kubisha, kama ilivyokuwa kawaida yao, akakuta mzee ameketi kwenye kiti na kofia kichwani. Nanyi mnajua: Mzungu akiingia, mtu husimama na kuvua kofia.

Mzee hakusimama.

"We! Simama!"

Mzee akakaa.

"Toa kofia! Iko kiburi hii?"

Mimi niko mlangoni na tofali la moto mikononi, nimeganda! Ningesema nini? Mzungu akamwendea, akampiga kofia kwa fimbo yake. Mzee Birindwa akaanguka ubavu, mzima mzima, magoti yamekunjwa vilevile, kama kiti kilichoangushwa na mwenye kiti. Mzungu akamgusa shavu.

Akapiga kelele, "Iko moto! Ameuawa sasa hivi! Polisi!" Akatoka mbio, akaacha pampu yake ya dawa katikati ya sebule.

Sasa sikilizeni dhambi yangu ya kwanza. Nilijua polisi watamwita docteur. Nilimwona akilini docteur akiingia na kumkuta infirmier wake, évolué wa kesho, anapasha maiti moto kwa matofali kama mtu anayechoma mahindi. Nikafikiria kamati. Nikafikiria uma zangu. Nikambeba mzee nikamlaza kitandani ubavu vile, nikatoa jiko nje kwa mlango wa nyuma, nikayatia matofali yote chini ya kitanda changu mwenyewe.

Docteur akafika. Akaweka kipimajoto chake mahali ambapo adabu inanikataza kupataja. Akakitazama, akakitikisa, akakiweka tena.

"Huyu amekufa sasa hivi," akasema. "Kulikuwa na moto humu ndani?"

"Hapana, docteur."

"Mbona kuna joto?"

"Ni bati, docteur. Na watu ni wengi."

Hivyo tu! Maneno machache kama chumvi kwenye kidole. Na juu ya maneno hayo docteur akajenga nyumba nzima.

Mzee akachukuliwa hospitali, akapasuliwa, nami nikashika taa. Mwili ulisema amekufa mchana. Lakini ulikuwa mgumu kama mbao, na ugumu kama ule hauji mara moja. Docteur alizunguka meza akijikuna kidevu. Kisha uso wake ukang'aa. Mtu akipigana kwa nguvu zake zote kabla ya kufa, akaeleza, ugumu humjia haraka. Basi mzee alipigana!

Madoa ya damu yalikuwa miguuni na makalioni, si mgongoni. Basi alikufa ameketi, halafu mtu akamlaza ili kuficha jambo.

Akafungua mdomo. Kasiksi. Akafungua tumbo. Kavu! Pombe mdomoni, tumboni hakuna. Docteur aliweka kisu chini taratibu, kama padri anayeweka kikombe.

"Alikabwa," akanong'ona, "kabla ya kumeza."

Ndugu zangu, nilikuwa pale. Nilijua kila kitu kilipotoka. Na nawaambia kweli, hata mimi kidogo niamini, kwa jinsi ilivyopangika vizuri!

Docteur akanitazama, akaniwekea mkono begani. "Ni baba wa mke wako, na hujatoa hata chozi. Wewe ni mtu wa kisasa kweli."

Sikulia kwa sababu shangazi hajafika. Sikumwambia hilo.

Nani alikuwa na mzee mchana ule, peke yake? Papa Cishugi. Nani alileta kasiksi? Papa Cishugi. Nani alitangaza kwa miaka kwamba iko siku atamuua? Walimchukua akiwa na kiatu cha mtu mkononi na misumari mdomoni.

Kesho yake shangazi akaingia, matope mpaka magotini, kikapu kichwani.

"Ndugu yangu iko wapi?"

"Iko hospitali, shangazi."

"Anatafuta nini kule?"

"Docteur anamupima."

"Kumbe amepata nafuu?"

Tulipomweleza, akaketi kizingitini, akanyoosha ule mguu mbovu, akasema: "Mi siliake mutu mwenye sijaona. Mutanipa nini nililie, kiti?" Nikaenda kumwomba docteur amruhusu amwone. Akakataa: mwili ni ushahidi, umo kwenye chumba cha baridi, hautoki mpaka juge, yaani hakimu, apate maneno ya mashahidi.

Na mashahidi wangesema nini? Shangazi hajalia! Waliitwa mmoja mmoja ofisini kwa juge, kule Ibanda. Juge alikuwa kijana aliyefika juzi kutoka Ulaya, shingo bado nyekundu kwa jua, na mtafsiri nilikuwa mimi.

"Ulimwona mzee asubuhi?"

"Nilimuona, nikamusalimia."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa anasikia baridi."

"Alikujibu?"

"Muzuri sana. Aliuliza ata habari ya batoto."

Wote hivyo! Watu wazima, waumini, wenye kupokea komunyo kila Jumapili. Docteur alitikisa kichwa kwa furaha: kipimajoto chake na mashahidi walikubaliana. Bila mwili shangazi hatalia, bila kilio mashahidi hawatasema, na bila maneno yao mwili hautatoka. Tulifungwa kwenye duara lile kama mbuzi aliyejizungushia kamba kwenye mti. Mtu mmoja tu angeweza kuikata, kwa sababu aliweza kusema habari ya moto bila kusema habari ya kifo. Huyo alikuwa ameketi kati ya juge na mshtakiwa, amevaa koti jeupe.

Papa Cishugi akaletwa, amenyolewa kichwa. Mke wangu na shangazi walikaa kwenye benchi la nyuma. Nikamtafsiria maneno yote ya docteur: joto, ugumu, madoa, pombe isiyomezwa. Alisikiliza kwa makini, kama mteja anayeelezwa kiatu chake kilivyoharibika. Kisha akanigeukia, akatabasamu, kwa maana aliona amepata njia ya kusema kweli bila kumwibia shangazi kilio chake.

"Mwambie juge aulize mukwe wa muzee, ni yeye alikuwa anatia moto na matofali tangu asubui. Moshi ilijaa nyumba, sisi wote tulikohoa. Muzee peke yake hakukohoa. Sasa mi nitakaba namna gani mutu mwenye moshi haimukohoze?"

Sentensi nzuri! Mimi ni mtu wa kupenda maneno, na nilijua nimeshika mkononi kitu kizuri, kitu chepesi na chenye akili, kama ndege. Juge alishika kalamu. Docteur alinitazama kwa upendo.

"Anasema nini?" akauliza juge.

Nikasema kwa Kifaransa: "Anasema anaomba pardon." Msamaha! Yaani amekiri.

Basi. Nimeandika. Nilidhani mkono utakataa, haukukataa.

Juge akaandika. Papa Cishugi aliona kalamu inatembea, akadhani ni maneno yake yanayotembea. Walipomtoa aliniinamia kidogo.

"Asanti, mukwe. Umenisemea muzuri."

Usiku huo chakula hakikuwekwa mezani. Mke wangu alikuwa ameketi gizani.

"Masista banatufundisha ku foyer social ya bamama," akasema. "Kushona, na Kifaransa kidogo. 'Bonjour.' 'Merci.' 'Pardon.'"

Nikatafuta kiberiti.

"Papa Cishugi hakusema pardon."

"M'Birindwa, sikiliza. Kamati inakuja juma hili. Acha carte itoke kwanza. Ikitoka nitakuwa na nguvu, nitasema, wataniamini. Nikisema leo, nani atanisikia?"

"Leo ulisema, na balikusikia."

Hukumu ilikuwa bado, mwili ukabaki kwenye baridi, na mshtakiwa akatiwa kati ya wafungwa. Kila asubuhi nilipokwenda kazini nilipita barabara ya ziwani, na wafungwa walikuwa pale wakivunja mawe. Jua likitoka upande wa pili wa Kivu, maji yanakuwa meupe kama maziwa, na katikati ya uzuri ule wote namwona Papa Cishugi amechuchumaa, nyundo mkononi, mikono iliyozoea sindano ya viatu imepasuka. Aliniita kila siku: "Mukwe! Bado hawaelewe tu hawa batu? Si kosa yako, endelea kubasemea!"

Ningependelea anitemee mate!

Siku ya kamati ikafika. Wakaja watatu: docteur, mama mmoja Mbelgiji mwenye kofia ya maua, na bwana wa territoire, mkuu wa wilaya, ambaye alisema ataanza na choo, akaenda uani na futi yake ya kupimia. Kitambaa kilikuwa mezani. Sahani zilikuwa mezani. Uma upande wa kushoto, kisu kulia. Docteur alikaa kama baba wa harusi.

Mke wangu akatoka jikoni na sinia kubwa lililofunikwa. Alivaa kitambaa chake cha Jumapili. Akafunua.

Matofali. Meusi kwa moshi, yamepangwa vizuri. Akachukua moja kwa koleo, akamwekea docteur kwenye sahani. Akachukua lingine, akamwekea yule mama.

"Karibuni," akasema. "Ndizo bwana yangu alimupashia baba, tangu asubui mupaka Muzungu wa hygiène akaingia. Nilizitoa chini ya kitanda yetu."

Yule mama mwenye kofia ya maua, Mungu ambariki, akaona labda ni desturi ya nyumba, hataki kumvunjia mtu heshima. Akachukua uma. Akachukua na kisu. Akalitazama tofali lile akitafuta mahali pa kuanzia.

"Mkeo anasema nini?" docteur akaniuliza.

Hakuna mwingine pale aliyesikia lugha zote mbili. Bwana wa territoire bado alikuwa chooni. Ningeweza kusema ni mchezo. Ningeweza kusema mke wangu ni mgonjwa. Niliona hata jina la ugonjwa, lilikuja lenyewe kwenye ulimi! Lakini mama yule aligusa tofali kwa uma, ukalia krr, na kwenye mlio ule nikashindwa. Aliyekuwa amestaarabika mezani pale ni yeye na mke wangu. Wengine wawili tulikuwa tumekaa tu.

Nikatafsiri. Lote, mpaka kitanda. Nikaongeza yale ambayo hakuyasema.

Docteur hakukasirika. Laiti angekasirika! Alijipiga paji la uso. "Koo lake!" akapaza sauti. "Lilikuwa safi! Nyumba imejaa moshi na koo halina hata chembe ya masizi, kwa sababu hakuvuta pumzi! Alikuwa amekufa zamani!" Akatoa mkanda wa kupimia, akaanza kupima matofali, urefu, upana. Lilikuwa mbali kiasi gani na miguu? Lilifungwa gunia moja au mawili? Yalibadilishwa mara ngapi? Alisahau kahawa, akasahau kamati, akasahau mimi. Aliuliza kama tunaweza kuyachoma upya.

"Docteur," nikasema. "Kuna mtu anavunja mawe."

"Ndiyo, ndiyo. Na jiko lilikuwa upande gani?"

"Docteur! Mtu anavunja mawe!"

Bwana wa territoire akaingia wakati ule ule, akisema choo kinafaa sana.

Ilichukua siku kadhaa kwa karatasi kutembea kutoka meza hadi meza. Kwanza walimtoa mzee. Shangazi alifunuliwa shuka, akamtazama ndugu yake kutoka kichwani mpaka tumboni, na la kwanza alilosema lilikuwa: "Nani amemushona vibaya hivi?" Kisha akaweka kiganja kwenye shavu lile, ambalo sasa lilikuwa baridi kweli, na akalia. Ndugu, sijapata kusikia. Mtaa wote ulikuwa ukikizuia kilio kile vinywani. Kilipofunguliwa, wagonjwa wa wodi ya pili walianza kulia bila kujua wanamlilia nani. Nami nililia. Hakuna aliyenishika mkono.

Papa Cishugi walimwachia asubuhi. Nilimngoja nje ya lango la buloko, yaani gereza. Alitoka amebeba viatu vyake, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba.

"Mukwe! Mwisho wake balielewa! Nilijua utabasemea mupaka baelewe."

Nikamwambia. Barabarani palepale, watu wa soko wakitupita na vikapu. Nikamwambia alisema nini na mimi nilisema nini.

Alisimama. Alitazama ziwa muda mrefu. Nilingoja kofi, nililitamani.

"Kwa hiyo ile neno yangu," akasema, "juge hakuisikia."

"Hakuisikia, papa."

"Ilikuwa neno muzuri." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa kitu ambacho hakikuwa na bei. "Nililala nayo mu buloko. Nilikuwa nasema: ata banifunge, ile neno iko mu karatasi yao. Kesho mutu ataisoma, atacheka, atanitoa."

Akanigeukia.

"Iseme," akasema.

"Papa?"

"Iseme na Kifaransa. Vile ungeisema."

Nikaisema, kwa sauti ndogo.

"Nguvu! Juge iko mbali."

Nikaisema kwa sauti kubwa, nimesimama katikati ya barabara, na koti langu jeupe. Wanawake waliokuwa wakienda Nyawera walisimama. Askari wa lango akageuka. Mzungu mmoja akapunguza mwendo wa gari lake, akasikia habari ya mzee ambaye moshi haukumkohoza, akacheka kwa sauti.

Papa Cishugi alimsikiliza akicheka mpaka gari lilipopinda kona.

"Ee," akasema. "Ingenitoa."

Akashika njia na viatu vyake mkononi. Nilipopiga hatua kumfuata, aliinua kiganja bila kugeuka, nikabaki nilipokuwa.

Carte sikupata. Hospitali wameniweka kwenye kuosha chupa. Mtafsiri ni mwingine. Mke wangu aliondoka na shangazi kwenda Mudaka, kumsaidia kulima, alisema, kwa ajili ya mguu. Atarudi, alisema. Hakusema lini. Ninakula kwa mkono.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, hasa ninyi vijana wa koti jeupe na kola ngumu, makarani, makatekista, wote mnaoitwa kusimama kati ya watu wawili wasiosikilizana: si kipimajoto kilichodanganya, msije mkakilaumu, wala si desturi ya wazee. Mtu akikupa neno lake ulivushe, livushe lote, hata kama ndani yake limebeba jina lako. Mimi nililimeza la mwenzangu nikidhani ni dogo, na tangu siku ile kila ninachosema, hata nikisema "karibu", naona watu wananitazama mdomoni wakingoja kujua nimebakiza nini.